Kengele Mahali pa Jina

Maiti ilikuwa imelala chali ndani ya birika la zege, lile ambalo zamani wenye shamba walioshea kahawa. Uso haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa kwa majani ya mgomba, majani matano, yamekatwa kwa kisu kikali na kupangwa moja juu ya jingine kama mtu anavyofunika chungu cha ndizi ili mvuke usitoke.

Mama Blessing ndiye aliyemkuta. Alikuwa amepanda na panga na kamba yake kutafuta majani ya ng'ombe. Alipoona majani yameshakatwa tayari, alishukuru. Akavuta la kwanza, akavuta la pili. Alipovuta la tatu akaona jicho.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, kwenye kiwanda kilichoachwa cha kumenya kahawa, juu kidogo ya barabara iendayo Momela.

Inspekta Anyesi Pallangyo alifika saa sita na nusu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mwenye sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote isipokuwa cha katikati, ambacho kilikatika Pasaka. Nyuma yake alikuja Koplo Dismasi na mkoba wa vielelezo.

"Nani amemgusa?" Anyesi aliuliza.

"Mimi, mama, lakini niligusa majani tu," alisema Mama Blessing.

"Uliyoyavuta naona mawili tu. Dismasi amehesabu vikonyo vitano kwenye migomba huko chini, na usoni yamebaki mawili. Moja liko wapi?"

Mama Blessing alitazama mzigo wake wa majani. "Limo humu. Nilikuwa nimeshalifunga."

"Fungua. Hicho ni kielelezo."

"Ng'ombe wangu hajala tangu jana."

"Basi atafute kielelezo cha mtu mwingine. Fungua mzigo."

Walimtambua kwa kitambulisho kilichokuwa mfukoni. Aliitwa Yiamat Laizer, miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Oldonyosambu, na kazi yake ilikuwa kurap. Pembeni ya birika kulikuwa na unga wa rangi, wa kijani na wa waridi, chupa za maji zilizokanyagwa, na alama za magurudumu ya gari dogo la mizigo. Siku iliyotangulia kundi la watu lilikuwa limepigia video hapo.

Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti hakupenda maneno mengi.

"Fuvu limepasuka kisogoni. Ameanguka kinyumenyume toka pale ukingoni, futi tisa. Hiyo ni Jumatano jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja."

"Ameanguka au ameangushwa?"

"Mimi sikuwepo. Lakini kifuani ana michubuko miwili, kulia na kushoto, ukubwa wa viganja. Na kuna jambo lingine. Puani mna ute wa jani la mgomba. Umevutwa ndani."

"Umevutwa na pumzi?"

"Na pumzi. Alipofunikwa alikuwa bado hai."

Anyesi aliandika maneno hayo, akayapigia mstari mara mbili. Kalamu ikatoboa karatasi.

*

Wimbo wa video hiyo uliitwa "Rusha Mguu". Ulikuwa muziki wa klabu, ule wa kutengenezwa kwa kompyuta, wenye mdundo mmoja mzito unaopiga kama mtu anayetwanga bila kupumzika. Aliyeutengeneza ni Lemomo, prodyuza mwenye studio ya chumba kimoja Kaloleni. Yiamat alikuwa mgeni wake, alialikwa kurap. Na aliyepiga video ni Nancy, dada mmoja kutoka Moshi aliyekodi nyumba Sakina, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili mbuzi.

Uchezaji wa wimbo huo ulikuwa rahisi. Unasimama wima kama askari wa gwaride, halafu ghafla unarusha mguu wa kulia mbele. Wimbo ulikuwa umepandishwa mtandaoni Alhamisi asubuhi. Kufikia Ijumaa, mji mzima ulikuwa unarusha mguu, kuanzia stendi mpaka soko la Kwa Mrombo.

Ijumaa hiyohiyo ikasambaa na video nyingine, ya sekunde tisa, aliyoipiga mcheza dansi mmoja kwa simu. Nancy anaonekana amemkunja Yiamat shati, anapiga kelele: "Nitakuua wewe! Naapa nitakuua!"

Sekunde tisa zilitosha. Saa nane mchana Nancy alikuwa mahabusu, na nje ya kituo watu zaidi ya mia walikuwa wamejaa, wamefungulia wimbo kwenye spika, wakirusha miguu kuelekea ukutani na kuimba, "Mtoeni! Mtoeni huyo mchawi!"

Mkuu wa upelelezi, Afande Ephraimu, alimwita Anyesi ofisini.

"Jumatatu asomewe shitaka la mauaji."

"Afande, ushahidi ni maneno ya hasira tu."

"Ushahidi ni kwamba wote waliondoka, yeye akabaki huko juu. Amekiri mwenyewe."

"Amesema alipanda mpaka karibu na maziwa ya Momela kupiga picha za mlima."

"Peke yake, na hakuna aliyemwona. Inspekta, huyo mwanamke unampenda?"

"Simpendi hata kidogo."

"Basi usinisumbue. Akishasomewa shitaka la mauaji hana dhamana. Akakae huko miaka miwili upelelezi ukiendelea, tutajua."

Anyesi alipiga saluti, akatoka. Kwenye ngazi alisimama, akashika pale kifungo kilipokosekana. Miaka miwili kwa sekunde tisa.

*

Nancy aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu na bila mkanda. Hakuamkia. Alivuta kiti kwa mguu.

"Mnanipa chai ya rangi haina hata sukari. Hii ni jela au mfungo?"

"Kaa."

"Nimeshakaa, huoni?"

"Ulisema utamuua."

"Nilisema, na leo asubuhi nimemwambia hivyohivyo yule askari wenu wa zamu. Nenda kaangalie kama amekufa."

Dismasi alikohoa. Anyesi hakucheka.

"Mligombania nini?"

"Kazi! Tulikuwa na jua la nusu saa tu. Nikamwambia arudie ubeti wa pili, alikuwa anachekacheka badala ya kurap. Akakataa. Akasema, 'Mara moja inatosha dada, wenye kujua watajua.' Nikamkunja shati. Ningekuwa mwanamume ningempiga."

"Wenye kujua watajua nini?"

"Nitajuaje? Mimi ni Mchaga wa Kibosho. Hawa vijana wenu wana mambo yao."

"Nani alikuwa wa mwisho kubaki naye?"

"Mimi niliondoka kumi na moja na robo. Lemomo alikuwa anapakia spika. Mwingine hakuwepo."

"Lemomo anasema alishuka na spika saa hiyohiyo."

"Basi muulizeni Lemomo, si mimi!" Nancy aligonga meza. "Na mkimpata mwambieni ameniharibia kazi. Huo wimbo wanaoupiga hapo nje siyo niliopigia video."

"Siyo kivipi?"

"Mama, sikiliza basi! Una masikio?"

Kelele za nje zilipita dirishani. Mdundo, kinanda, halafu pale ambapo muziki unanyamaza kidogo, ikasikika kengele ya ng'ombe: *kolo!*

"Hapo," Nancy alisema. "Hapo palikuwa na jina. Anajiita mwenyewe, 'Yiamat!' Mara nne katika wimbo mzima. Nimempiga picha ya karibu, mdomo wote umejaa kwenye kioo, anaita jina lake. Sasa mdomo unafunguka, inatoka kengele! Na ubeti wa pili umekatwa mistari miwili. Midomo yote imepishana na sauti. Video niliyoipanga miezi miwili, takataka."

"Wimbo wa kwanza unao?"

"Uko kwenye kadi ya kamera yangu, na kamera mnayo nyie. Msikiguse kioo chake kwa vidole."

Anyesi alimrudisha mahabusu. Aliandika "kengele" kwenye daftari lake, akaiwekea alama ya kuuliza, akafunga. Aliona ni ugomvi wa mafundi tu, kila mmoja anavutia kwake.

*

Jumamosi walikwenda Oldonyosambu kwa dada wa marehemu. Nashipae aliwapokea nje ya boma, hakuwakaribisha ndani. Alikuwa mrefu, amejifunga kanga mbili, na mkononi alishika fimbo ya kuchungia kana kwamba polisi ni mbuzi waliotoka kwenye mstari.

"Poleni kwa msiba," alisema Anyesi.

"Tumeshapoa. Mmemkamata mwanamke yule. Mnataka nini tena?"

"Maswali machache kuhusu Yiamat."

Uso wa Nashipae ulikakamaa.

"Yiamat alikuwa na maadui?"

Nashipae aligeuza uso upande wa boma.

"Dada, nauliza, Yiamat alikuwa na ugomvi na mtu yeyote hapa nyum..."

"Nyamaza!" Fimbo ilipiga ardhi. "Umefika sasa hivi, umeshamwita mara ngapi? Wewe ni mtu mzima. Hujafundishwa?"

"Nifundishe wewe. Mimi ni Mmeru wa Akheri."

"Kwetu kijana akifa, jina lake haliitwi. Kanisani mchungaji atalisoma, sawa, hiyo ni kanisa. Kwenye kaburi litaandikwa, sawa. Lakini mdomoni halitoki. Tunasema yule wa kwetu. Tunasema mdogo wangu. Ukiliita, unamrudisha, na akirudi hamjui anamtafuta nani."

"Tangu lini mmeacha kuliita?"

"Unauliza swali gani hilo? Tangu Alhamisi mchana mlipotupigia simu! Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimesimama hapahapa naliita jina lake kwa nguvu, maana hakulala nyumbani. Nani ataacha kuita jina la mtu aliye hai?"

Anyesi alibaki amesimama. Mbele yao Mlima Meru ulikuwa umefunguka, mawingu yamekaa kiunoni tu. Koplo Dismasi alimtazama bosi wake, akaona amefunga macho kama mtu anayehesabu moyoni.

"Dismasi."

"Afande."

"Wimbo ulipandishwa mtandaoni saa ngapi?"

"Alhamisi, saa mbili kasorobo asubuhi."

"Na sisi tumempata saa ngapi?"

"Mama Blessing alimkuta saa tano..." Dismasi alikatisha maneno. Mdomo ukabaki wazi.

Anyesi alimgeukia Nashipae. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini.

"Lemomo wa Kaloleni unamfahamu?"

"Ni wa boma lile pale, la miti ya mijohoro. Amelelewa na bibi yake. Yeye na mdogo wangu walitahiriwa asubuhi moja."

"Anashika mila?"

"Bibi yake alikuwa hata jina la ndama aliyekufa haliiti. Sasa yeye atakuwaje?"

Kwenye gari walisikiliza wimbo wa kwanza, ule wa kadi ya Nancy. Anyesi alikuwa ameushusha kwenye simu asubuhi, akausahau. Kwenye ubeti wa pili sauti ya Yiamat ilikuja na kicheko ndani yake:

*Nilisimama kama nguzo, kisu kikapita,*
*mwenzangu karusha mguu, leo nyuma ya biti anajificha.*

Hiyo ndiyo mistari miwili iliyokatwa. Nashipae alikuwa bado amesimama karibu na dirisha la gari. Aliisikia. Akainamisha kichwa.

"Maana yake nini, dada?"

"Hayo ni ya wanaume," alisema. "Mimi siyajui." Akageuka, akaenda zake kwa haraka.

*

Kazi ya Jumapili asubuhi ilikuwa moja: dereva wa gari la mizigo. Dismasi alimkuta Meshack anaosha gari lake kwenye mfereji.

"Jumatano ulishusha spika na nani?"

"Peke yangu."

"Lemomo hakuwa nawe?"

"Alipakia, akaniambia tangulia, nitakuja na bodaboda. Studio nilifunguliwa na jirani."

"Mbona hukusema?"

Meshack alikamua tambara. "Mliniuliza? Nyie si mmeshampata muuaji wenu kwenye simu?"

Saa tisa alasiri waligonga mlango wa studio Kaloleni. Chumba kilikuwa kimebandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoke. Lemomo, miaka ishirini na mitano, mwembamba, alikuwa amevaa spika za masikioni shingoni kama mkufu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una dakika?"

"Nina kazi. Yule dada ameshakamatwa, sivyo?"

"Tunafunga jalada. Tunataka tarehe na saa ziwe sawa tu. Wimbo ulimaliza kuufanyia kazi lini?"

"Alhamisi asubuhi. Nikapandisha saa mbili kasorobo."

"Baada ya hapo umeugusa tena?"

"Hapana. Ukishapanda umepanda. Ukitaka kubadili lazima ushushe, na watazamaji wote wanapotea."

"Koplo, andika hivyo. Habari za kifo ulizipata lini?"

"Mchana. Saa saba. Nyie mlinipigia."

"Asubuhi ulidhani yuko wapi?"

"Amelala kwake. Huwa analala sana huyo."

"Nani?"

"Huyo jamaa."

"Jamaa gani?"

Lemomo alilamba midomo. "Huyo tunayemzungumzia."

"Andika, koplo. Amedhani yuko hai." Anyesi alisogeza kiti karibu. "Sasa nisaidie mimi mama mtu mzima, nisiyejua muziki. Wimbo wa Jumatano jina lake linaitwa mara nne. Wimbo wa Alhamisi asubuhi, kengele. Kwa nini?"

"Ladha tu. Kengele ina ladha ya nyumbani."

"Mara zote nne?"

"Ndiyo."

"Lakini kwenye picha ya wimbo umeandika, 'Lemomo akimshirikisha Yiamat.' Hapo hukuweka kengele."

"Kuandika ni..." Alikata maneno.

"Malizia. Kuandika ni nini? Kuandika si kuita, sivyo?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa analia, mama yake anamfokea.

"Alhamisi, saa mbili kasorobo," alisema Anyesi, "duniani watu wote waliokuwa wakimfahamu walikuwa wanamwita kwa jina lake. Dada yake alikuwa analipaza jina hilo langoni. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameshaacha. Alilifuta jina hilo mara zote nne, kwa mkono wake, kwa sababu alijua litakwenda kuitwa klabu zote za nchi hii, na aliogopa. Mtu huyo alijuaje kwamba limekuwa jina la maiti?"

"Sijui unasema nini."

"Mwite basi. Sasa hivi. Mtaje kwa jina."

Lemomo alifungua mdomo. Akaufunga, akapandisha spika za shingoni masikioni.

Dismasi alikuwa amefungua kabati. Alivuta koti jeupe la jinzi, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kwenye mikono yote miwili na kifuani kulikuwa na madoa ya kahawia, meusimeusi pembeni. Lilikuwa limefuliwa, tena zaidi ya mara moja, maana kola ilikuwa imepauka na bado inanuka sabuni.

"Mimi nimezaliwa migombani," alisema Anyesi. "Mama yangu alitukataza kuvaa nguo ya kanisani tukienda kukata majani. Utomvu wa mgomba ukishakauka, hata ufue mpaka nguo ichanike, doa linabaki. Koplo, hilo kwenye mfuko. Mkemia atalitazama. Na wewe simama."

"Mama, naomba..."

"Mimi siyo mama yako. Simama."

*

Nancy aliachiwa saa kumi na mbili jioni. Afande Ephraimu alitia sahihi bila kuinua macho. Nje umati ulikuwa umepungua, wamebaki kama ishirini, na hao nao walipomwona anatoka walianza kuzomea. Hawakuwa na habari. Nancy aliwazomea vilevile.

"Kamera yangu."

"Hii hapa," alisema Anyesi. "Kadi inabaki. Ni kielelezo."

"Kadi ndiyo kazi yangu yote!"

"Utaipata kesi ikiisha."

"Nimekaa siku tatu kwa ajili ya ujinga wenu, halafu mnaninyang'anya na kadi? Hata samahani hakuna?"

"Samahani."

"Siitaki," alisema Nancy. Akafunga kamba za viatu vyake palepale ngazini, taratibu, akiwaacha polisi wote wakingoja apishe, kisha akaondoka.

Maelezo ya onyo ya Lemomo yaliandikwa kabla ya giza kuingia. Alionywa kwamba halazimishwi kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Aliulizwa kama anataka wakili au ndugu awepo. Alitikisa kichwa. Halafu akasema.

"Tulitahiriwa pamoja. Asubuhi, baridi, maji yametoka mtoni. Yeye alikuwa wa kwanza. Hakupepesa hata jicho. Mimi wa pili."

"Halafu?"

"Mguu wangu uliruka wenyewe. Kisu kikamponyoka fundi. Kwetu wanasema umepiga teke kisu. Ukipiga teke kisu umekwisha. Waliokuwepo walikuwa sita. Baba yangu akawaomba wafiche, wakaficha kwa ajili ya baba. Miaka tisa."

"Na yeye alikuwa mmoja wao."

"Alikuja na wazo la wimbo. Rusha mguu, rusha mguu. Nikadhani ni dansi. Mimi mwenyewe nikatengeneza mdundo, mama. Jumanne anarekodi ubeti wa pili, ndipo naisikia ile mistari. Nikamwambia, hii itoke. Akasema, 'Itatoka bro, usijali, itatoka.' Nikajua amekubali kuifuta. Jumatano nafika kwenye video, inatoka kweli! Kwenye spika, mbele ya watu arobaini. Alikuwa amempa Nancy nakala yake. Na wachezaji wote wanarusha miguu."

"Ukamwendea."

"Baada ya wote kuondoka. Nikamwambia, kila harusi, kila klabu, nchi nzima inacheza aibu yangu, na rika letu wanajua. Akasema, 'Si hit lakini?' Akasimama pale ukingoni, akakaa wima kama mimi siku ile, akafumba macho, akaiga uso wangu. Akarusha mguu."

"Ukafanya nini?"

"Nikamsukuma kwa mikono miwili."

"Alianguka. Ulishuka?"

"Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

Lemomo alitazama mikono yake. "Alikuwa anahema. Akaniita jina. 'Lemomo, nivute.'"

"Ukamvuta?"

"Alikuwa ananitazama. Nikakata majani."

Dismasi aliacha kuandika. Anyesi akamgusa kiwiko aendelee.

"Ulikata majani ukamfunika mtu anayekuita."

"Niliogopa macho yake. Nilikaa mpaka akanyamaza. Halafu nikarudi studio, nikatoa jina, nikatoa mistari, nikaacha mengine. Nilisema basi, imekwisha. Hakuna atakayejua habari ya mguu."

Ukurasa wa saba ulijaa. Sheria inataka maelezo yasomwe kwa mtuhumiwa kabla ya kutia sahihi. Dismasi alianza kusoma kwa sauti yake ya kanisani, kwa maana alikuwa mwimbaji wa besi kwaya ya Kilutheri na hakujua kusoma kwa sauti ndogo. Mlango wa mapokezi ulikuwa wazi. Askari wa zamu wakageuza shingo.

"Afande," Lemomo alisema haraka. "Ile ya kisu. Lazima iandikwe?"

"Ndiyo sababu uliyotupa."

"Andikeni tuligombana. Watu wanagombana kila siku. Nimekiri, si nimekiri? Nifungeni. Ile itoeni."

"Haitoki."

"Itasomwa tena?"

"Mahakamani itasomwa."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Wazee wa Oldonyosambu watakuja, ndugu wa marehemu watakuja, na waandishi. Halafu wakili wa serikali ataisoma tena, na wakili wako atakuuliza juu yake, na jaji ataiandika."

Lemomo alitazama mlango, akatazama askari wa zamu. Mmoja wao, kijana wa Kisongo, aliyekulia mila hizohizo, alikuwa ameshaelewa. Aliangalia pembeni na mkono mdomoni.

"Dismasi, endelea," alisema Anyesi.

"'...Siku ya tohara yangu,'" alisoma Dismasi, "'wakati fundi alipoanza kukata, mimi nilirusha mguu...'"

Lemomo alinyanyua mikono kuziba masikio. Pingu ilikuwa fupi. Alifaulu kuziba sikio moja tu.